Malalamiko kuhusu Kupotezwa kwa Damu ya Kulinganishia

Kolwezi, tarehe 11 Mei 1993

Kwa Tata Daktari Mkuu wa Hospitali,

Kwa heshima zote, na nikiwa bado nimelalia shuka zako, naomba ruhusa ya kukulalamikia. Mimi ni Mwenze Kabemba, msimamizi mstaafu wa sampuli katika kiwanda cha kuchenjua shaba. Mwezi uliopita nililetwa hapa kwa jeraha la mguu nililolidharau. Vijidudu viliingia kwenye damu, presha ikashuka mpaka mke wangu Tatiana akaanza kuulizia mbao za jeneza. Ugonjwa huo mnauita choc septique. Mliniponya, na kwa hilo nashukuru. Shukrani zangu zinaishia hapo.

1. Mliniingiza katika utafiti wenu wa kutu ya damu. Ulinieleza mwenyewe kwamba mwili unapopigana na vijidudu hujiunguza wenyewe, mafuta ya chembe zake yakaliwa na oksijeni kama chuma kinavyoota kutu, na alama zake zikabaki kwenye damu. Nilielewa kabla hujamaliza. Nimekula na kulala na oksidi za shaba miaka ishirini na saba. Nikakubali mnitoe damu mara tano.

2. Kazi ya kupima aliifanya Tata Badibanga, fundi wenu wa maabara. Huchanganya maji ya damu na dawa yake, akachemsha, yakageuka rangi ya waridi. Rangi ikikolea, kutu ni nyingi. Kila asubuhi alinipitia kitandani na kijichupa chake. "Tata Mwenze, ona, leo rangi iko napunguka," aliniambia, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kula.

3. Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Huwezi kusema kitu ni kichafu kama huna kisafi cha kukilinganisha nacho. Kiwandani tulikuwa na sampuli moja ya kulinganishia, imefungiwa kabatini, na ufunguo nilitembea nao mimi, hata kanisani. Nyinyi mlihitaji mtu mwenye afya. Mlimpima mlinzi wa lango, ikatoka waridi. Mlimpima muuguzi Stéphanie, waridi. Ulijipima na wewe, Daktari, na nasikia uliosha vichupa ukajipima tena, waridi. Tangu mgodi uanguke tunakula mara moja kwa siku, na mji mzima umeota kutu. Damu ya Badibanga peke yake ndiyo iliyokaa bila rangi. Daftari likaandikwa hivyo: wagonjwa kumi na saba, mwenye afya mmoja.

4. Juma lililopita vijana wa chama kinachotawala mkoa wetu waliingia maabara wakasema wote wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Kwao Badibanga ni wapi, mimi sijui. Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sasa yeye, mkewe Mbelu na watoto wanne wako stesheni, wanangoja treni ambayo hata mkuu wa stesheni hajui itafika lini. Hayo ni mambo ya siasa na siyagusi. Swali langu ni la ufundi: ni nani aliyeruhusu sampuli ya kulinganishia itoke bila saini?

5. Kwa sababu hiyo namba zangu zote tano hazina maana. Ukiniambia nimepona, nitakuuliza nimepona kuliko nani. Nakataa kutoka hospitali. Na hao vijana wanaosema wanausafisha mji, wanausafisha kwa kipimo gani? Waje wapimwe. Nitashika kijichupa mwenyewe.

6. Naomba basi Badibanga atangazwe kuwa kifaa cha hospitali. Apigwe mhuri na kupewa namba kama darubini na vitanda, na Mbelu na watoto waandikwe kuwa vipuri vyake visivyotenganishwa naye. Chama kimefukuza watu, hakijafukuza vifaa, na kifaa hakipiti lango bila barua yako. Kama huna mhuri, ninao ule wa kiwandani ambao nilisahau kuurudisha nilipostaafu.

Nangojea jibu lako, nikiwa mgonjwa wako ambaye kwa sasa hakuna anayeweza kuthibitisha kama anaumwa,

Mwenze Kabemba

Nisalimie muuguzi Stéphanie, mlinzi wa lango na mama anayetupikia uji, umwambie chumvi imezidi. Nimsalimie pia yeyote atakayeifungua barua hii kabla yako.

Tanbihi. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Tatiana amerudi sasa hivi kutoka stesheni, alikompelekea Badibanga ugali wetu wa bukari. Badibanga hakuugusa. Anatetemeka, anapumua mbio mbio, mikono ni ya baridi na maneno yake hayashikani. Mbelu anasema ameanza jana. Wale vijana walimpiga kichwani siku ile ya maabara, na kidonda kimeoza. Kwa hiyo futa malalamiko yangu yote, hafai tena kuwa damu ya kulinganishia. Mimi nimepona, Daktari, nilijua tangu Jumatatu ya juma lililopita, nilikuwa nakawiza kutoka tu. Naogopa sana. Tuma machela stesheni mara upatapo karatasi hii. Kitanda nakiacha sasa, alazwe yeye, nami nitatokea mlango wa nyuma ya jikoni nisionekane. Lakini lile jina langu lililobandikwa juu yake usilibandue, ili vijana wakija wasome Mwenze, wapite.