Siku Ujëbardha Ilipoficha Magari

Astrit Kolonja alikuwa anakunywa kahawa ya mtu mwingine, kama ilivyo desturi yake, alipomwona meya analia. Si kilio cha machozi, maana meya wetu ni mtu wa heshima zake. Ni kile cha kusoma barua ileile mara tatu na kila mara kuagiza glasi nyingine ya raki, pombe yetu kali.

"Kuna msiba, mheshimiwa?" Astrit akauliza, kiti ameshakivuta.

"Wanakuja," akasema meya Pirro Zhupa. "Watu wa Mfuko. Si tuliomba fedha za ile njia ya kijani, ya waenda kwa miguu na baiskeli, toka bandarini mpaka mtoni? Sasa Alhamisi wanamtuma mama mmoja Mholanzi, aje aone kama kweli sisi ni watu wa kutembea."

"Kwani sisi ni watu gani?"

Meya akaonyesha nje kwa kidevu. Mbele ya mkahawa wa Rrapo, Mercedes zilikuwa zimepangwa hadi juu ya bustani ya maua. Rrapo mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaegesha ya kwake, amewasili kazini. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara.

Ndivyo tulivyo Ujëbardha. Kumi wanalala njaa, lakini tisa kati yao wana Mercedes. Astrit ndiye aliyekuwa yule wa kumi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, suti moja nzuri, na mdomo wa kumuuzia bundi miwani ya jua, lakini gari hakuwa nalo. Harusini alikaa karibu na jikoni. Posa zake mbili zilirudishwa, na ya pili baba wa binti alimuuliza usoni, "Utamchukua mwanangu kwa nini, kwa toroli?" Tunacheka, lakini jambo hilo lilimuuma, na lililomuuma zaidi lilikuwa limesimama pale kivulini: Mercedes nyeusi ya meya, viti vya ngozi, honi ya sauti mbili. Aliitazama kama mwenye saumu anavyotazama bakuli la pilau saa kumi na moja jioni.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "barua haina tatizo. Tatizo ni vyuma hivi. Alhamisi huyo mama asione gari hata moja."

"Tuyaweke wapi, mifukoni?"

"Kwenye kiwanda cha matofali kule mtoni. Kimekufa, lakini kina kuta na geti. Watu waniletee funguo, mimi nayalinda. Ijumaa kila mtu anachukua chake."

"Tukupe wewe funguo? Wewe, Astrit?"

"Kwani nimewahi kuiba gari?"

Meya akafikiri kwa haki kabisa. Astrit alikwisha kuuza mashua moja kwa ndugu wawili. Alikwisha kuchangisha mazishi ya mjomba ambaye alikuja mwenyewe kuuliza kuna nini.

"Gari, hapana," meya akakiri.

"Basi. Na waambie hivi: njiani kutakuwa na vibanda vya aiskrimu na limau, na anayetangulia kuleta ufunguo anatangulia kuchagua kibanda. Sitaki kusema mengi. Mimi ni mtu wa watu tu."

Hapo akawa amewavika kilemba cha ukoka mji mzima kwa mpigo mmoja. Kufika Jumatano jioni foleni ya funguo ilikuwa ndefu kuliko ya mkate. Rrapo alileta funguo mbili, moja ya mkewe ambaye hakuulizwa, akataka vibanda viwili.

"Na kimoja kiwe karibu na kanisa," akasisitiza. "Watu wakitoka ibadani wana kiu."

"Rrapo, ndugu yangu, nikikunyima wewe nitampa nani?"

Meya alileta wa kwake mwisho. Aliubusu kwanza. "Mlaze kivulini," akasema.

Magari arobaini yakalala kiwandani. Mtu mwenye tamaa angejiuliza atayauzaje yote. Astrit alikuwa mwizi, lakini hakuwa na tamaa: alitaka moja tu. Mpango ulikuwa safi. Feri ya kwenda Bari, Italia, hung'oa nanga saa kumi alasiri. Toka kiwandani hadi bandarini barabara fupi ni moja, ile ya pwani, na saa tisa alasiri Ujëbardha yote imelala. Hulala meya, hulala polisi, hulala na mbwa wa polisi. Tangu babu zetu hakuna aliyewahi kuonekana nje saa hiyo ila Wajerumani na mbuzi. Mgeni atakuwa kalazwa na chakula cha mchana, Astrit atapita kimya kimya, na jioni mji ukitoka kwa matembezi yake ya kila siku yeye yuko baharini, mkono mmoja dirishani.

Alhamisi saa tisa kasoro tano akakaa kwenye ngozi ile. Akashika usukani. Naona aibu kusema, lakini chozi lilimtoka kidogo. Akawasha, akateremka nalo, akakata kona ya kwanza ya pwani.

Mji mzima ulikuwa barabarani.

Si watu kumi, si mia. Wote! Bibi na wajukuu, wachumba wameshikana vidole, wauguzi, makasisi, wavuvi wamevaa mashati ya harusi, wanapanda na kushuka ufukweni taratibu, macho yamevimba usingizi. Ndege ya yule mama ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili, saa ileile ya matembezi yetu ya kila jioni. Meya, mgeni asije akakosa kuyaona, alikuwa ameamuru jioni ifanyike saa tisa, na Astrit aliyekuwa kiwandani hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Astrit akakanyaga breki. Nyuma yake watu walikwisha kuziba kama maji. Na kwetu hupiti mbele ya mtu bila kusalimiana, na salamu yetu si neno moja: huanza kwa kuulizwa kama umechoka.

"Ooo, Astrit! Umechoka?"

"Sijachoka, mama."

"Hujambo? Shangazi yako Parashqevi hajambo? Goti lake?"

"Hajambo, goti halijambo, naomba njia..."

"Na yule paka?"

Aliulizwa paka mara kumi na saba kabla ya kufika mkahawa wa Rrapo. Feri ilikuwa inaonekana kule mbele, mlango wake uko wazi. Mara umati ukagawanyika, na mbele ya taa za gari wakasimama watu watatu: Rrapo, meya, na mama mrefu mwenye kofia ya baiskeli na daftari. Alikuwa amejifunza lugha yetu Uholanzi, akaiongea polepole na kwa adabu kuliko sisi.

"Bwana meya," akasema, "mliniambia hapa hamna magari."

Meya alikuwa ameitambua Mercedes yake toka mbali, kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe. Akafungua mdomo aseme *mwizi*. Akaufunga. Akisema ni yake, atakuwa ni meya wa Mercedes anayeomba fedha za baiskeli, na swali litakalofuata ni yako wapi mengine. Akageuka rangi, akawa wa kijani kama njia yenyewe.

Astrit akaliona hilo. Ilimchukua kitambo kidogo, kama tunavyoelewa habari njema, halafu tabasamu likamjaa usoni. Wenye magari arobaini walikuwa wamemzunguka, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema neno! Akashusha kioo mpaka chini. Akatoa kiwiko nje.

"Gari hili ni la nani?" mama yule akauliza.

"Langu, mama," akasema Astrit, kwa sauti ya kufika kanisani. "Meya atanishuhudia."

Rrapo alimeza kitu ambacho hakikuwepo.

"La kwake," meya akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Gari moja tu, mji mzima?"

"Moja tu."

"Ajabu! Hili lazima niliandike." Akaandika kweli: Mercedes nyeusi, namba fulani, mali ya bwana Astrit Kolonja. "Utaweka sahihi hapa, bwana meya. Na wewe, bwana Rrapo, kama shahidi."

Wakatia sahihi. Astrit aliangalia kalamu ikitembea. Alikuwa amekuja kuiba gari, na sasa anapewa kwa hati, mbele ya watu elfu mbili! Ya nini tena kukimbilia Bari? Harusini atakaa mbele. Akapiga honi ya sauti mbili kidogo, kujipongeza. Feri ikajibu, ikaondoka, naye hata hakugeuza shingo.

"Mheshimiwa," akamwambia meya, "umechoka? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," meya akasema. "Liegeshe basi, utembee na wenzio. Shangazi yako si anakaa hapo? Geti liko wazi."

Nyumba ya shangazi Parashqevi iko katikati kabisa ya ufukwe, mgongo kwenye mwamba, geti linatazama bahari. Astrit akaingiza gari uani kwa madaha, akaliegesha chini ya mzabibu, akatoka anafuta vumbi lisilokuwepo.

Mama Mholanzi alikuwa na machozi machoni. "Nimezunguka miji kumi na minne," akasema, "sijaona watu wanaotembea hivi. Fedha mtapata. Nauliza kitu kimoja tu: barabara hii mnaweza kuifunga lini, magari yasipite tena? Miji mingine huniambia miaka mitatu."

Meya akatazama geti. Akatazama mzabibu. Kwa mara ya kwanza siku ile rangi ikamrudi.

"Sasa hivi," akasema.

"Sasa hivi?"

"Rrapo! Waite watu wa bandari, walete winchi na yale mawe makubwa ya gati. Mawili upande wa bandari, mawili upande wa mto."

"Mheshimiwa," Astrit akasema, tabasamu linaanza kuteleza, "mbona haraka? Tukae, tunywe kahawa. Kahawa nalipa mimi!"

Watu waliduwaa, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Asante, mwanangu," meya akasema. "Lakini mgeni ana ndege."

Jiwe la mwisho lilitua saa kumi na moja, gari la Astrit likabaki katikati bila pa kutokea, umati ukapiga makofi. Wenye magari mengine walikwenda kiwandani Ijumaa wakayachukua, wakapitia ng'ambo ya mto, mzunguko wa kilomita thelathini, kila mmoja akitukana kivyake. Vibanda havikutolewa hata kimoja.

Njia ilijengwa, na ni nzuri. Meya huipita kila asubuhi kwa baiskeli, maana hana kingine cha kupanda, na amepungua tumbo. Astrit analo gari lake, hakuna anayebisha, hati iko Uholanzi. Huliosha Jumamosi. Jioni huvaa suti, hukaa usukanini chini ya mzabibu, hupiga honi kwa wapitao. Na sisi husimama getini kumsalimu, kama ilivyo adabu.

"Umechoka, Astrit?"

"Safari tu," husema.