Magunia Ishirini ya Pumba

Jumatatu, 4 Februari 1957

Mafuta ya taa yamepanda tena. Mara ya tatu tangu Krismasi! Nimemuuliza Mrisho, jirani yangu mwenye duka, safari hii kisa ni nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake laini cha pwani, kile kinachonifanya nijione nimeanza kusema jana, kwamba meli haziwezi kupita kwenye mfereji kule Misri, zinazunguka mbali. Nikamwambia chupa ile pale kwenye rafu naiona tangu Novemba, yenyewe ilizunguka wapi? Watu wakacheka. Mrisho akasema ile haikuzunguka, inayozunguka ni ile itakayokaa mahali pake. Wakacheka zaidi. Nami nikacheka, nisije nikabaki peke yangu.

Mkaa nao hivyo hivyo. Hapa Mbeya mvua haijakatika wiki tatu, kuni zote mbichi, na kila aliyeshindwa mafuta amehamia kwenye mkaa.

Basi nikatangaza. Pale pale dukani, mbele ya watu wanane. Nikasema mimi Sedekia, karani mkuu wa ghala la pareto (niko peke yangu, kwa hiyo ni mkuu), hadi mwisho wa mwezi sinunui kwa Mrisho mafuta wala mkaa. Nilitoka nikiwa mrefu.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Ikupa akauliza nani alinituma kusema.

Jumanne, 5 Februari

Sheria mpya za nyumba. Taa moja tu. Chakula cha jioni kabla jua halijazama. Kibiriti kitakaa kwangu, nikitoe kwa hesabu.

Sheria ya tatu ina kasoro. Nimekwenda kazini na kibiriti kwenye koti. Ikupa hukaanga maandazi kila asubuhi kuwauzia madereva na mataniboi stendi ya malori. Leo ameamka, hana moto. Ameomba kaa la moto kwa Waridi, mke wa Mrisho. Kwa hiyo siku ya kwanza tu ya vita vyangu, moto wa nyumba yangu umetoka kwa adui!

Ikupa ameniambia hayo taratibu, bila kupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 7 Februari

Nimepata jibu. Mafuta ya nyonyo! Mmea unajiotea nyuma ya choo, hauulizi bei. Jana nimeponda mbegu, nikachemsha, nikakamua, nikaweka utambi kwenye kikopo. Mwanga upo. Mdogo, lakini upo. Ukikisogelea sana unaona kikopo chenyewe.

Harufu sitaieleza. Binti yetu Damari, ana miaka saba, aliuliza nani ameugua tumbo.

Leo asubuhi kulikuwa na giza la mvua, nikanyoa ndevu kwa taa hiyo kuonyesha kwamba inatosha. Nimefika ghalani nina sharubu upande mmoja. Bwana mkubwa akanitazama muda mrefu, kisha akauliza kama nyumbani ni salama. Nikasema ni salama. Akauliza tena.

Upande wa pili nimeumaliza mchana, kwa wembe wa kukatia kamba.

Jumamosi, 9 Februari

Siku kubwa! Nimeonana na Kalinga, dereva anayeleta mchele kutoka Rujewa, mteja wa zamani wa Ikupa. Anasema kule kwenye mashine za kukoboa kuna mlima wa pumba za mpunga, mrefu kuliko nyumba. Wanautupa. Wanaomba mtu auchukue! Nikamuuliza kama pumba zinawaka. Akasema zinawaka, ila zinawaka zinavyotaka zenyewe. Sehemu hiyo sikuitilia maanani.

Moto wa bure! Nimeagiza magunia ishirini. Kalinga akauliza kama nina uhakika, maana hata ng'ombe huko hawazili. Nikamwambia mimi si ng'ombe. Akaandika ishirini.

Jumanne, 12 Februari

Pumba zimefika, na mvua imefika nazo. Ghala sina. Nimeyaingiza magunia yote sebuleni. Viti vimetoka nje, tunakalia magunia. Si mabaya, ila yanawasha. Mlango wa chumbani sasa unapitwa ubavu. Ikupa amepita ubavu mara nne bila kunitazama.

Jiko nimelitengeneza mwenyewe. Debe, tundu chini, tundu juu, chupa katikati, pumba zinashindiliwa pembeni, kisha chupa inachomolewa. Nikawasha. Ukawaka! Mwali mzuri, wa buluu, unavuma kama upepo. Nikashikwa na furaha hata nikakosa adabu, nikamwita Mrisho aje aone.

Akaja na kanzu yake nyeupe. Akainama kuangalia. Moto ukazimika.

Kilichofuata ni moshi. Sijawahi kuona moshi wa namna ile, wa manjano, mzito, unatembea chini kama unatafuta kitu. Nikapuliza, ukazidi. Ukatokea kwenye mabati. Nje mtu akapiga yowe kwamba kwa karani kunaungua, na mtaa mzima ukaja na ndoo. Nikatoka kuwaeleza kwamba hakuna moto, na kwa kweli hakukuwa na moto, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ndoo ya kwanza ilinipata mimi. Nyingine zilipata magunia.

Kanzu ya Mrisho sasa ni rangi ya chai. Amesema pole. Yeye kaniambia pole mimi!

Damari anakohoa tangu jioni.

Alhamisi, 14 Februari

Nimemshawishi Ikupa akaange kwa pumba, asubuhi moja tu. Hakutaka. Nikamwambia nimekwisha kulirekebisha debe. Nikamwambia mkaa umekwisha, na kununua ni kuniaibisha mbele ya watu wanane. Akanitazama, akafunga kanga kiunoni, akakaanga.

Maandazi meusi nje, mabichi ndani, na katikati moshi. Stendi wameyarudisha. Taniboi mmoja aliuliza kama yamekaangwa kwenye bomba la lori. Kalinga, ambaye hula sita kila safari, alikula nusu moja kwa heshima, nusu nyingine akaiweka mfukoni Ikupa asimwone akiitupa. Ikupa alimwona. Kisha wote wakahamia kwa mwanamke mwingine, yuko pale pale, hatua kumi.

Amerudi na beseni limejaa kama lilivyotoka. Tumekula maandazi asubuhi, mchana na jioni. Nikamwambia wateja watazoea ladha.

Hilo nisingelisema.

Jumapili, 17 Februari

Ikupa ameondoka.

Jana nilikaa ghalani hadi saa kumi nikipima pareto. Nimerudi, nyumba kimya, nikadhani wapo kanisani mazoezi ya kwaya. Baadaye Waridi akagonga, hakuingia, akasimama mlangoni, kwenye upenyo kati ya magunia.

“Shemeji, mwenzangu amepanda basi la Iringa, kwa dada yake Marta. Kamchukua mtoto. Kasema kile kifua hakiwezi kupona humu.”

Nikauliza kama ameacha maneno yoyote kwangu.

Waridi akainamisha macho. “Kasema, pumba zote ni zako.”

Leo sikwenda kanisani. Wangeniuliza.

Jumanne, 19 Februari

Magunia yaliyolowa yameota. Sitii chumvi. Pumba zilikuwa na punje punje za mpunga, zimeshika maji, zimeshika joto, na sasa sebuleni kwangu kuna mpunga wa kijani, mrefu kama kidole. Yaani nina shamba. Sina mke, nina shamba.

Jioni Mrisho amekuja na sahani ya wali na maharage ya nazi. Nikakataa. Nikamwambia nimeshiba. Tumbo likasema kinyume chake, kwa sauti. Akaiweka juu ya gunia, akakaa juu ya jingine, mwenyewe, na kanzu safi.

“Bwana Karani,” akasema, “nikuulize jambo, usikasirike. Sare ya Damari ya shule nani alinunua?”

Nikasema mimi. Kisha nikakumbuka. Ni Ikupa.

Akauliza blanketi zile mbili za masika yaliyopita. Ikupa. Akauliza sukari, sabuni, sadaka ya kanisa. Akasema kwamba mwaka wa tano huu mama anapita dukani kwake kila Jumamosi na pesa za maandazi, ananunua mkaa kwanza, kisha vingine vyote vinafuata. “Ukiuzima ule mkaa,” akasema, “umezima vyote.”

Akaaga. Nilikula wali hadi nikakwangua sahani. Kisha nikakaa. Mshahara wangu umekuwa ukinunua nini miaka yote? Nimetazama huku na huku. Nina makoti matatu.

Nyumba ni baridi sana. Nikiongea, mpunga ndio unaonisikia.

Ijumaa, 22 Februari

Nimeomba ruhusa ya siku tano. Bwana mkubwa ametoa upesi, hata hakuuliza sababu. Nadhani bado anaziona zile sharubu.

Niko ndani ya basi. Limekwama mara mbili kwenye matope. Abiria wanaume tunashuka kusukuma. Nilivaa koti zuri ili Ikupa anione vizuri. Sasa haijulikani lilikuwa rangi gani.

Jumapili, 24 Februari, Iringa

Nimefika jana jioni. Shemeji Marta amefungua mlango, akaniangalia kuanzia viatuni, akasema fundi wa choo aliagizwa Jumatatu. Hakunitambua. Au alinitambua.

Damari amepona! Walimpeleka hospitali ya misheni Tosamaganga, akapewa dawa ya maji, sasa anakimbia uani. Aliponiona akaja mbio, akasimama hatua mbili mbele yangu, akanusa kwanza. Kisha akanikumbatia. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Ikupa alikuwa jikoni anakaanga. Wiki moja tu, tayari ana wateja! Walimu wawili na mpiga chapa wamesimama barazani wanangoja. Hakugeuka.

“Umenifuata mimi, Baba Damari, au umefuata maandazi?”

Njiani nilikuwa nimetunga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu. Yote ikapotea. Nikasema, “Vyote.”

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Akacheka hadi akaweka mwiko chini.

Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia habari za sare, blanketi na sabuni, kwamba nilikuwa sijui, na kwamba kutojua mambo ya nyumba yangu ni aibu kubwa kuliko ile ya dukani. Nikamwambia Damari alipokuwa anakohoa niliogopa, lakini niliogopa zaidi kushindwa na Mrisho, na hilo ndilo linaloniuma. Hapo hakucheka. Akanipa kigoda.

“Nitarudi,” akasema. “Lakini jiko ni langu, mkaa ni wangu, kibiriti ni changu. Usiguse. Usishauri. Usitengeneze.”

Nimeapa. Mkono juu ya Biblia, mbele ya Marta na mumewe Tadeo. Tadeo aliniongezea “wala usibuni,” nikaapa na hilo.

Alhamisi, 28 Februari

Tumerudi. Ikupa ameenda dukani moja kwa moja kutoka kwenye basi, amenunua gunia zima la mkaa, na mimi ndiye niliyelibeba begani, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Mwisho wa mwezi ni leo. Mrisho hakutaja lile tangazo. Hakutabasamu hata kidogo. Mtu mbaya sana yule.

Jioni amekaanga, na stendi madereva wamerudi wote. Kalinga amekula sita na kuomba ya saba.

Pumba tumezimwaga barabarani mbele ya nyumba, kwenye tope. Watu sasa wanapita bila kuteleza, na wanawake watatu wamenishukuru. Nimewaambia huo ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo.

Jumamosi, 2 Machi 1957

Amani nyumbani. Siku ya tatu sijagusa jiko. Nikitaka chai, naomba. Nimebadilika, hata mwenyewe najishangaa.

Ila kuna jambo nimeliona, na mtu mwenye macho hawezi kujizuia kuona. Maji ya kuoga! Kila siku debe zima linachemshwa kwa mkaa ule ule wa pesa nyingi. Nami kiapo changu kilihusu jiko. Bafu si jiko. Nimekirudia moyoni neno kwa neno, bafu halikutajwa.

Leo nimeongea na Ezekia, mfugaji wa Uyole. Anasema samadi mbichi ikirundikwa sana inapata joto kali ndani, ukitia mkono unautoa mbio. Kwa hiyo unazika pipa la maji katikati ya rundo, asubuhi unaoga maji moto. Bila mkaa. Bila mafuta. Bila Misri! Wala si mimi niliyebuni, ni ng'ombe.

Nimeagiza lori moja. Ezekia alisema nusu ingetosha, lakini nusu lori lingeleta maji ya vuguvugu tu, na mke wangu anastahili maji moto.

Linafika Jumatatu alfajiri. Ikupa ameniuliza kwa nini napima ukuta wa nje kwa hatua. Nikasema nanyoosha miguu. Nataka iwe zawadi ya ghafla. Mahali nimekwisha kuchagua: chini ya dirisha la chumba cha kulala, ili na joto linalobaki liingie ndani.