Kelele za Gurudumu la Mbele Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu bado yuko kwa kaka yake. Nimeosha vikombe. Kichafu kilikuwa kimoja, nimeosha viwili.

Aliondoka bila ugomvi. Alikunja nguo zake juu ya meza ninayokatia mapazia ya dukani, akasema amechoka kuishi na mtu ambaye kila neno lake lina kona. Nikamuuliza kona gani. Akasema hiyo hiyo.

Kumfuata siwezi. Nitafika kwa shemeji nisemeje? Lazima niwe na sababu. Bahati nzuri, shemeji ni fundi wa magari, watu wanamwita Spana. Gereji yake iko uani kwake, na dirisha la jikoni linatazama palepale anapoinulia magari. Bahati mbaya, gari langu ni zima.

Jioni nimebandua kifuniko cha plastiki cha gurudumu la mbele kushoto, nikatia kokoto tatu, nikazunguka mtaa. Kwa-kwa-kwa-kwa. Kelele ya kutia huruma kabisa. Kesho naenda.

Jumanne, 3 Juni

Spana aliniambia niendeshe taratibu huku yeye anatembea pembeni, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Akauliza: inalia ukinyoosha au ukikata kona? Inazidi ukiongeza mwendo? Ukikanyaga breki inanyamaza? Nikajibu ndiyo kwa yote, ili kazi iwe ndefu. Akasema hajawahi kuona ugonjwa wa namna hiyo.

Akanieleza. Ikigonga ukikata kona, ekseli. Ikipiga mluzi wa chuma, pedi za breki. Ikinguruma na kuzidi kadiri unavyokimbia, beringi, na hiyo si ya kuchezea. Sikusikiliza sana. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na mke wangu alikuwa anapita na sufuria. Amesuka nywele upya. Mtu mwenye huzuni hasuki. Au anasuka ili asionekane ana huzuni. Nilikuwa bado nalipima hilo Spana alipobandua kifuniko kwa bisibisi, kokoto zikaangukia viatu vyangu.

Alisema labda zimerushwa na barabara. Nikasema barabara zimeharibika sana siku hizi.

Nikaondoka. Hata kuketi sikuketi.

Alhamisi, 5 Juni

Kokoto zilikuwa kazi ya kitoto. Leo nilikata kipande cha bati kwenye kopo la rangi, nikakibana nyuma ya gurudumu kisugue diski ya breki. Mluzi wake uliwatoa watu madukani. Mpaka nafika kwa Spana meno yalikuwa yananiuma.

Ilibidi ainue gari na kung'oa gurudumu, kama nilivyotaka. Mke wangu akatoka kuanika nguo. Alinisalimia. Akauliza ninakula nini siku hizi.

Ukweli, ninakula mkate nikiwa nimesimama. Lakini nilimwambia ninapika kila siku na ninapika vizuri, hata sikujua kama nina kipaji hicho. Nilitaka aone wivu kidogo. Akasema basi vizuri. Akaning'iniza shati moja, akalitazama, akarudi ndani. Beseni likabaki na nguo nusu.

Mpango huu una walakini mahali, sijajua wapi.

Spana alichomoa bati, akaligeuza. Bado lilikuwa na rangi ya sebule yangu, ambayo yeye mwenyewe alinisaidia kuipaka. Akanikabidhi mkononi. "Shemeji," akasema, "mlango wa mbele uko kule. Unagongwa tu."

Nikamwambia mgonjwa ni gari, si mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Jambo la ajabu. Gari linanguruma na sijatia kitu.

Nimebandua kifuniko, nimelala chini na tochi. Hakuna kokoto, hakuna bati. Sauti nzito, kama mtu anasaga mawe ndani ya blanketi, na nikiongeza mwendo inaongezeka. Kwa kweli niliudhika. Kelele hii sikuitengeneza mimi.

Nilipofika gerejini Spana alikuwa chini ya lori. Hakutoka. Akauliza kutoka hukohuko leo nimetia nini. Nikaapa sijatia kitu. Akasema ana magari yenye ugonjwa wa kweli.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote. Akaja, akafungua mlango wa gari, akaketi kiti cha pembeni, akasema twende akasikilize.

Tulikwenda hadi njia panda na kurudi. Mikono ameiweka mapajani. Kiti kile kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa ajili ya majora ya vitambaa. Akakivuta mbele, kama zamani. Tulipokaribia geti akaniambia nizime injini. Nikazima.

"Umekuja kwa sababu ya gari?" akaniuliza.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Kwamba nyumba imekuwa kubwa. Kwamba ninalala upande wangu tu wa kitanda, wa kwake sijaugusa. Kwamba arudi. Halafu nikafikiri: nikisema ghafla hivi, bila matayarisho, ataona amenishinda. Jambo zito lina mpangilio wake.

Nikasema nadhani ni beringi.

Akatikisa kichwa. "Pole kwa beringi," akasema. Alishuka, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumapili, 8 Juni

Mke wa Spana amenipigia simu. Anasema wifi yake amepata kazi mji mwingine, mapokezi kwenye kliniki ya meno. Anaondoka Jumatano kwa basi la asubuhi.

Nikakaa kitandani, upande wangu.

Kisha nikampigia mwenyewe, nikajitolea kumpeleka stendi. Akakubali hapo hapo. Aliyekata tamaa hakubali hapo hapo. Nitapita njia ndefu. Maneno nimeyapanga, nimeyasema mbele ya mapazia dukani, yamekaa vizuri. Gari bado linanguruma lakini nikienda taratibu linavumilika. Spana hawezi kuliangalia, haniamini tena. Halafu nikienda taratibu tutakuwa na muda mrefu zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Begi lake lilikuwa dogo kuliko nilivyotegemea. Nililiweka kiti cha nyuma. Nikachukua njia ndefu. Aliiona.

Ngurumo ya gurudumu ilikuwa imezidi vibaya. Nilianza na maneno yangu, akasema hasikii. Nikapaza sauti, akasema bado. Nikajikuta ninapiga kelele kwamba nyumba imekuwa kubwa, naye anauliza nani amekuwa mkubwa. Halafu harufu ya chuma kinachoungua, moshi mbele kushoto, na gurudumu likakwama. Tuliburuzika hadi kando ya barabara, tukasimama mbele ya karakana ya majeneza. Fundi aliyekuwa anapiga msasa alituangalia, akaendelea.

Kukawa kimya. Injini imezimika, ngurumo imekwisha. Mke wangu akanigeukia, akasubiri. Alisubiri kweli. Ningenong'ona angenisikia.

Nikafungua mlango, nikashuka kuangalia gurudumu.

Nilipoinuka alikuwa ameshasimamisha teksi na begi amelibeba mwenyewe. Akaingia, akateremsha kioo. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni moshi.

"Nilijua na hii umeitia wewe," akasema. "Kumbe ilikuwa ya kweli."

"Si nilikwambia?" nikasema.

Teksi ikaondoka. Nimetafuta mchana kutwa kama baada ya hapo nilisema kitu kingine. Sikusema.

Ijumaa, 13 Juni

Spana amebadilisha beringi. Alinionyesha ile ya zamani kwenye kiganja, gololi zake zimesagika. Akafuta mikono, akaniambia dada yake alimpigia kutoka stendi, analia. Akasema nimpigie simu. Nisimweleze chochote, nimwambie arudi, basi. Neno moja.

Nilimshukuru. Ni mtu mwema, lakini mtu wa magari hawezi kuelewa mambo haya yalivyo. Huwezi kumpigia mtu simu hivi hivi.

Nimerudi nyumbani na gari lisilo na sauti yoyote. Sikujua kimya kinaweza kuwa kizito namna ile ndani ya gari.

Nimesimama mbele ya kioo cha bafuni, mdomo wazi. Meno yote mazima, hilo ndilo tatizo. Lakini lile la mwisho, juu kulia, nikiligonga kwa mpini wa mswaki kwa nguvu, linaanza kunung'unika kidogo. Nimeligonga mpaka mkono umechoka. Kesho nitaligonga tena.

Kliniki inafunguliwa Jumatatu.