Naomba Garimoshi Linikanyage Jumamosi Hii

Mashimoni, Kibera

Kwa Mwelekezi wa Filamu, shemeji yangu Opondo,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, miguu yote miwili ikiwa huru. Mimi Magdaline, Mama Hope wa watu wote, bado nimefungwa kwenye reli.

Hii ni wiki ya tatu tangu uonyeshe sehemu ya tano ya filamu yetu. Chege, jambazi wetu wa filamu, alinifunga kwa kamba ya kuanikia nguo, garimoshi likapiga honi, nawe ukazima. Ulinieleza kwamba filamu za zamani za ujasiri ziliishia hivyo, watu wakakaa roho juu hadi Jumamosi iliyofuata. Sikupinga. Lakini ukaweka sharti nisionekane nje kabla ya sehemu ya sita, watu wasije wakajua nilipona. Na simu ya kupigia picha bado iko kwa fundi. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Kibanda changu cha mboga kinaendeshwa na ndugu yako. Okoth ni mume mwema, lakini anakata sukuma wiki kana kwamba analisha ng'ombe. Wateja wangu wa miaka tisa wamehamia kwa Joan, anayeuza mboga ng'ambo ya mtaro. Hilo linaniuma kuliko kamba.

2. Chege, mtu ambaye hajawahi kumkosea hata kuku, ananyimwa maji kwenye kioski. Anaambiwa, "Mfungue Mama Hope kwanza, ndio tukuwekee maji." Siku hizi anaenda kuoga kwa dadake Kawangware.

3. Mamako alipigiwa simu huko Siaya akaambiwa niko kwenye reli na garimoshi linakuja. Hakuuliza kama ni la filamu. Amefika na majani chai, sukari kilo nne, na akina mama wawili wa kulia matangani. Walinikuta nikila viazi. Wale wawili wanasema hawawezi kutoka mbali hivyo warudi bila kulia, basi wanalia kidogo kila asubuhi, na majirani wamezidi kuamini kwamba nimekufa.

4. Kanisani wamefunga siku tatu kwa ajili yangu. Nikaona aibu, nami nikafunga.

Kwa kuwa wokovu wangu unangoja simu, na simu inangoja fundi, naomba tupite njia ya mkato: garimoshi linikanyage. Picha hazihitajiki. Jumamosi simama mbele ya watu kwenye kibanda cha video utangaze tu. Waliaji wapo, chai ipo, kanisa liko tayari. Jumatatu nitafungua kibanda kama dada pacha wa marehemu, na sukuma itakatwa nyembamba tena.

Wasalimie waigizaji wote. Hata yule mamba wa magunia, mwambie nimemkumbuka.

Ni mimi shemeji yako, kambani,
Magdaline (Mama Hope)

Nyongeza: Okoth ameingia sasa hivi akaniambia Joan alikuja kwako jana kuomba nafasi yangu, na kwamba ana kamba yake mwenyewe. Shemeji, ichane barua hii. Wateja anaweza kubaki nao, lakini reli ni yangu. Usimharakishe fundi. Nitalala hapo hadi Krismasi ikibidi. Kamba nimeifua, imekauka, na wale mama wawili nimewaomba waongeze sauti.