Kompyuta Iliyokataa Kutoka Januari

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama huwezi, basi soma kimya, usitikise midomo, na usimwambie mtu neno hata moja. Hasa Mokeira. Hasa Mzee Onsongo, mwenyekiti wa Bodi ya shule. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Kweli nimepiga magoti, kwa sababu daftari nalificha chini ya kabati la faili.

Mimi ni Ochoki, karani wa muda katika shule ya wasichana hapa juu ya soko la Ikonge. Diploma ninayo. Mokeira naye ni karani wa muda. Nafasi ya kudumu ni moja tu, na Bodi itakaa Jumatatu ijayo saa nne asubuhi kuamua ni nani kati yetu ataipata.

Leo Madam Persis, mwalimu mkuu wetu, aliitazama kompyuta ya ofisi akasema imezeeka, auziwe mtu wa vyuma chakavu. Nikasikia sauti ikisema itafufuka kabla Bodi haijaketi. Ilikuwa sauti yangu! Madam akasema vizuri sana, Bodi itapenda kujionea.

Nikafanya kazi kwa uangalifu. Kwanza nilihifadhi faili zote kwenye flashi mbili. Kisha nikairudisha mashine katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Ikawa safi kama sahani ya mgeni. Ilikuwa imebaki kusasisha tu.

Skrini ikaandika: Masasisho yameshindwa. Tunatengua mabadiliko. Usizime kompyuta yako.

Mara sita! Na bila masasisho haiitambui printa, na kila tovuti ninayofungua inadai si salama. Mokeira alipita akauliza kama mgonjwa ameamka. Jioni nilichomoa waya ukutani, kama ninavyofanya kila siku. Radi ya huku kwetu haina urafiki na mtu.

Jumanne, 2 Septemba

Nimegundua tatizo. Mtandao! Modemu inayoipa kompyuta mtandao, sawa na simu yangu, ofisini inashika vijiti viwili tu. Juu kwenye tangi la maji inashika vyote.

Nikaomba toroli la Mzee Nehemiah, mtunza shule wetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Aliuliza ni la kubebea nini. Nikasema vifaa. Nikapakia sanduku la kompyuta, skrini, keibodi, vyote nikavifunika kwa koti langu. Kidato cha Tatu kilinichungulia madirishani. Mmoja akauliza marehemu ni nani. Darasa zima likacheka, na mwalimu wao pia! Mtu mwenye digrii!

Mlima ule ni mkali. Nilifika nikitweta. Mtandao huko ni mzuri sana, sijapata kuona mtandao kama ule.

Hakuna umeme.

Nilikaa kando ya tangi nusu saa ili ionekane nimefanya kitu. Niliporudi, Mzee Nehemiah alisema pole, karani, na kama maziko yamekwisha angependa toroli lake.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeirudisha tena hali ya kiwandani. Safari hii taratibu, nikisoma kila neno. Yameshindwa. Nimezima na kuwasha. Yameshindwa. Nimefuta vumbi kwa pamba. Yameshindwa, tena haraka zaidi, kana kwamba imekasirika.

Mokeira alisimama nyuma yangu, bila kuitwa, akasema saa ya kompyuta hiyo haisemi kweli. Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi sikuitazama saa, nina kazi. Akasema basi nitazame. Nikasema, dada, kila mtu na meza yake. Akanyanyua mabega akarudi kwenye meza yake, kuchapa ajenda za Bodi kwa taipureta. Kwa taipureta! Kelele ile anaifanya makusudi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nilimwambia Madam kwamba jino linaniuma, naenda Kisii. Mungu anisamehe, na jino likaanza kuuma kweli tulipofika Nyamira.

Sanduku la kompyuta nililitia ndani ya gunia, juu yake nikaweka mkungu wa ndizi. Stendi ya Nyamira mama mmoja aling'ang'ania kuzinunua. Nikasema haziuzwi. Akauliza kwa nini mtu asafirishe ndizi kwenda Kisii kama si za kuuza. Akalishika gunia kulipima uzito, akaniangalia, akawaambia wenzake kwamba huyu kijana ndizi zake zimezaa mawe.

Kisii niliingia dukani kwa Vikram, anayeuza na kutengeneza kompyuta, ndiye pia huuzia ofisi yetu karatasi. Alinisalimu Bwakire, kisha akaendelea kwa Ekegusii, lugha yetu, safi kuliko yangu. Hilo pekee lilinikera. Akafungua sanduku, akaunganisha skrini yake, akatazama kwa muda ambao mtu hunywa nusu kikombe cha chai. Akasema betri ya saa imekufa. Ni kidude kama kifungo cha shati. Bila hiyo, umeme ukikatika mashine husahau leo ni lini. Akanionyesha pembeni: 1 Januari 2009. Akasema kule masasisho yanakotoka wanaiona kompyuta inabisha hodi kutoka miaka kumi na sita iliyopita, hawaifungulii.

Akauliza kama huwa naichomoa ukutani. Nikasema kila jioni, kwa sababu ya radi. Akacheka! Akasema, karani, kila jioni unairudisha Januari.

Halafu akataja bei ya betri. Shilingi hamsini.

Hapo nikajua ni tapeli. Nimesoma kompyuta mwaka mzima! Tatizo lililonitesa siku nne haliwezi kutibiwa kwa bei ya chapati mbili. Nikamwambia hivyo, kwa sauti, mbele ya wateja wawili. Nikasema sitarudi dukani kwake hata iweje. Akanisaidia kufunga gunia. Akaniambia nisisahau ndizi zangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi nimebadilisha tarehe kwa mkono. Si kwa sababu ya Vikram. Nilikuwa karibu kulifikiria mwenyewe.

Na yameanza! Saa tatu asilimia mbili. Saa sita asilimia kumi na moja. Saa tisa ishirini na nne. Nilitaka kuimba. Nikapiga hesabu: kwa mwendo huo itamaliza kesho, Sabato.

Hapo nikasumbuka sana moyoni. Mimi ni Msabato, na nyumbani tangu utotoni jua la Ijumaa likizama hata jembe linalala. Lakini nikatafakari amri yenyewe. Imetaja mimi, mtoto wangu, mtumishi wangu, mnyama wangu na mgeni. Kompyuta haikutajwa. Nami sitaigusa. Nitakuwa kanisani, nayo itakuwa hapa ikijisasisha kwa hiari yake.

Kwa mara ya kwanza sikuchomoa waya. Nikafunga mlango wa ofisi, nikaenda zangu bila kumwambia mtu.

Sabato, 6 Septemba

Kanisani Mzee Nehemiah alitoa ushuhuda. Alisema jana jua lilipokuwa linazama alipita ofisini, akaona kupitia dirisha taa ya mashine inawaka, mashine maskini inafanya kazi peke yake Sabato inaingia. Akaikatia umeme kwenye swichi kuu. Akasema hata mashine ina haki ya kupumzika, na pengine ndiyo sababu mashine hiyo inaugua.

Kanisa zima likasema amina. Mama yangu alisema amina mara mbili.

Nami nilisema. Ningefanyaje?

Jumapili, 7 Septemba

Nimekuja ofisini alfajiri. 1 Januari 2009. Tunatengua mabadiliko. Usizime kompyuta yako. Kana kwamba ni mimi!

Nimebadilisha tarehe, nimeanza upya. Saa saba mvua, radi ya kwanza, umeme ukapotea mlima mzima. Umeme uliporudi, Januari.

Mokeira alipita akiwa na mwavuli. Anaenda Kisii, akauliza aniletee nini. Nilijua anachotaka. Anataka nimtaje Vikram kwa mdomo wangu. Nikamwambia asiniletee kitu chochote. Akauliza, hata kitu kidogo? Nikasema hasa kitu kidogo.

Kesho ni Bodi. Mama ameshawaambia majirani kwamba nimeajiriwa. Juzi alichinja kuku! Nisipopata nafasi hii nitarudi kuchuma chai nyuma ya nyumba na diploma yangu mfukoni, na wale majirani wataniuliza kila asubuhi kama ofisi imehamia shambani.

Jumatatu, 8 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Saa moja kasoro nilikuwa ofisini. Mzee Onsongo alifika mapema, saa moja na nusu, na gari lake jeupe. Akaniambia, mwanangu, nenda unitolee faili kwenye gari, akanipa ufunguo. Ufunguo wa rimoti. Nimewahi kuona ukifunguliwa. Ndani yake kuna kidude kama kifungo cha shati.

Sikuiba. Niliazima. Mtu anayeazima si lazima mwenye kitu ajue, mradi nia yake ni kurudisha. Nililifungua gari, nikatoa faili, nikalifunga. Kisha nikiwa nyuma ya matangi ya bafu nikakitoa kidude kile kwa ukucha. Nikampelekea Mzee faili na ufunguo wake, mwepesi kidogo. Akaniambia ahsante, una adabu.

Betri iliingia kwenye kompyuta kama iliyozaliwa humo. Tarehe ikakaa! Nikachomoa waya ili nijaribu, nikarudisha: bado ilikuwa leo! Nikaanzisha masasisho. Na kwa kuwa Madam alikuwa amenunua bando kubwa la mtandao kwa ajili ya Bodi, yakaja mbio. Saa tatu asilimia arubaini. Saa nne, wajumbe wanaingia, sabini na tisa. Saa tano kasorobo Madam akawaita wote wazunguke meza yangu. Asilimia tisini na sita! Mokeira alikuwa kwenye meza yake, akinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa.

Mzee Onsongo akasema haoni vizuri, miwani yake iko garini. Nikasema nitamsomea. Akasema la, mambo makubwa haya atayasoma mwenyewe.

Akatoka nje, akalielekezea gari ufunguo, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza akiwa ameuelekeza juu, kisha kwenye kidevu chake, kama wafanyavyo madereva. Kimya. Akafungua mlango kwa chuma cha ufunguo, kwa mkono.

Gari likapiga mayowe.

Honi, taa, honi! Halikunyamaza. Madarasa yote yakamwagika nje. Watu wakapanda kutoka sokoni wakiwa na madumu ya maji, wakiuliza moto uko wapi. Mvua ikaanza. Wajumbe wote wa Bodi wakasimama mvuani kulizunguka gari, kila mmoja akitoa ushauri. Mzee Nehemiah akaufungua ufunguo kwa kisu, akasema kwa sauti ya mahubiri: humu hamna kitu.

Mzee Onsongo akauliza ni nani aliyeushika. Nikaona macho yanageuka. Nikasema betri nyingine huisha kabisa. Naapa ndivyo nilivyosema.

Hapo Mokeira akaja chini ya mwavuli, akafungua mkoba, akatoa betri mpya ndani ya karatasi yake. Akaitia kwenye ufunguo, akabonyeza. Kimya kilichoanguka pale kilikuwa kitamu hata kuku walisimama. Mzee Onsongo akamwuliza, binti yangu, betri hii umeitoa wapi? Akasema aliipata Kisii jana, maana mtu wa ofisi huwa na vitu vidogo akiba.

Mimi nikakimbia ndani. Asilimia mia moja! Printa imetambulika! Nikaita. Hakuna aliyerudi kutazama. Walikuwa wanampigia Mokeira makofi mvuani.

Saa nane Bodi ikasoma uamuzi. Mokeira amepewa kazi ya kudumu, kwa kuona mbele. Mimi nimeongezewa muda wa majaribio hadi mwisho wa muhula, nikiwa msaidizi wake.

Jumanne, 9 Septemba

Mokeira aliniita mezani kwake. Akasema betri ile alikwenda kuninunulia mimi, na Vikram akakataa malipo, akamwambia ampelekee yule karani wa ndizi. Akasema anajua vilevile betri ya Mzee Onsongo imelala wapi sasa. Hatasema, lakini tangu leo chai ya saa nne nitachemsha mimi. Akasema, Ochoki, ungesema tu.

Ningesema nini? Kompyuta nimeitengeneza! Bila fundi, bila hata shilingi hamsini! Nimekaa nikapima kosa langu ni lipi, na nimeliona. Nilichagua gari lenye king'ora. La Madam Persis halina.

Kuna jambo la haraka pia. Stoo kuna kompyuta nyingine mbili, kongwe zaidi. Madam amesema zisiguswe. Leo asubuhi nimezirudisha zote mbili hali ya kiwandani, na zote mbili ziko Januari.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unamjua mtu anayetafuta karani mwangalifu, anipate hivi. Asipige simu ya ofisi, anapokea Mokeira. Ashuke Ikonge, apande njia ya mashamba ya chai hadi lango la shule, amwambie Mzee Nehemiah ametumwa na mama yangu. Asitaje kompyuta. Asije Sabato. Aje saa nne, nitakuwa jikoni, kwenye birika. Na akija na gari asihangaike na ufunguo. Anipe mimi, nitamshikia.