Ombi la Kuandikishwa Kuwa Kipuri cha Oveni

Ndugu Meneja wa Vipuri,

Nakusalimu kwa heshima yote mliyonibakishia.

Mimi ni karani wa posta mstaafu, kwa hiyo barua yako ya mistari miwili niliisoma kwa jicho la kazi. Muhuri umegongwa kichwa chini miguu juu. Juu yake umeandika kwamba springi ya mlango wa oveni yetu haitengenezwi tena, na kwamba oveni yenyewe "imemaliza muda wake". Oveni hiyo mke wangu aliinunua mwaka tuliooana, na mpaka leo inawaka vizuri. Kilichokatika ni springi moja, urefu wake kama kidole. Bila hiyo mlango unaanguka wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia, na mkate hauivi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wako wa dirishani alitaka nimletee namba ya modeli. Kibati chenye namba kiko nyuma ya oveni, karibu na sakafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Kuinuka nilisaidiwa na mke wangu na jirani. Nilipomfikishia hiyo namba, alisema haimo kwenye kompyuta, tena bila kuinua macho. Sasa alikuwa anaitakia nini?

2. Mmenishauri ninunue mpya. Najua, kipya kinyemi. Shemeji yangu alinunua mpya kwenu. Ina taa, ina kengele, na inapiga muziki mkate ukiiva. Mkate wenyewe ukidondoka, kigae cha sakafu ndicho kinachopasuka.

3. Asiye na mwana aeleke jiwe. Asiye na springi huegemeza mume. Kila Jumamosi asubuhi, mke wangu akishaingiza mikate, mimi naweka kigoda, naketi, nausukuma mlango kwa mgongo, taulo mbili zikiwa katikati. Nakaa hivyo dakika arobaini. Kupiga chafya ni marufuku. Mwezi uliopita nilipiga moja tu, mlango ukafunguka, na keki ya mahafali ya binti wa jirani ikadidimia katikati. Tuliila kwa vijiko. Jirani hakucheka.

4. Kwa kuwa kazi ya springi naifanya mimi, basi kwa mantiki ya ofisi springi ni mimi. Naomba niingizwe kwenye orodha yenu ya vipuri, nipewe namba, na nielezwe joto ninalopaswa kustahimili. Vipuri vyenu huja na waranti ya mwaka mmoja. Mgongo wangu haukuja na kitu.

5. Mkishaniandikisha, itabidi muweke akiba ya kipuri cha kuchukua nafasi yangu. Nina miaka sitini na minane. Mimi pia sitengenezwi tena. Kiwanda kilifungwa siku tulipomzika mama yangu. Nikikatika, mtamwandikia mke wangu mistari miwili kwamba nimemaliza muda wangu, na kumshauri achukue mpya? Naona mnaweza. Watu wanaogonga muhuri kichwa chini hawashindwi na kitu. Nimeumia, Ndugu Meneja, na sisemi mgongo tu.

Naomba jibu kabla ya Jumamosi. Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi mgongo unanitosha.

Nisalimie wote hapo ofisini, karani wa dirishani awe wa mwisho, na umsalimie pia aliyekufundisha kushika muhuri.

Wako katika joto kali,
Mume wa mwenye oveni

Tanbihi: Jana fundi baiskeli wa mtaani kwetu alipekua kopo lake la misumari, akanipa springi ya kiti cha baiskeli. Nimeijaribu mke wangu alipokwenda dukani. Mlango unafunga kabisa, hata mvuke hautoki. Nimeichomoa na kuificha ndani ya soksi. Tangu nistaafu tulikuwa tunapishana humu ndani kama wapangaji. Lakini Jumamosi, nikishaegemea mlango, yeye huvuta kiti akakaa mbele yangu, mikono ikiwa bado na unga, akanisimulia mambo yote ya wiki, maana anajua siwezi kuondoka. Juzi dakika arobaini zilipita, mikate ikaanza kuungua, na hakuna aliyeinuka. Tafadhali sana, msilete springi.