Foleni ya Mama Atu

Jamaa zangu wa Milepa, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya nusu ya mtaa huu wa Mazwi.

Mama Atu mnamjua, yule mjane wa Mbeya mwenye kaduka jirani na kwa mjomba. Tangu duka la ushirika lifunguliwe, kwake haingii hata nzi. Na hana cha kuuza, ila viberiti vichache na boksi zima la vitana. Jana aliniambia, "Mwanangu, vitana hivi visipotoka wiki hii nafunga, narudi kwetu." Niliumia. Nilipougua homa, ndiye aliyeniletea uji.

Nikapata akili (ile ile ndogo ya darasa la saba). Siku hizi za uhaba watu wakiona foleni wanaingia kwanza, wanauliza baadaye. Basi asubuhi nikasimama peke yangu mlangoni kwa Mama Atu, kofia ya sufu kichwani kwa baridi, nikanyamaza. Kunyamaza nakuweza.

Bibi mmoja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wameleta nini?"

Nikatazama chini. Akaguna. "Hataki kusema! Basi ni sukari."

Kufumba na kufumbua foleni imefika kwa fundi baiskeli. Watu wanatazamana kama wezi.

"Huyu kaambiwa na nani?"

"Mjomba wake karani wa ushirika, atakosaje kujua?"

"Ndugu, unataka kula peke yako? Ujamaa gani huo?"

Mama Atu anachungulia, haelewi. (Sikuwa nimemwambia. Niliona haya.)

Akatokea mgambo na rungu lake. "Mama, umeficha sukari!"

"Sina, baba."

Akapekua chini ya kaunta, chini ya kitanda chumba cha nyuma, hata kwenye chungu cha maharage. Hakuna. "Sasa watu wote hawa wamefuata nini? Nalifunga duka hili mpaka useme!"

Nimekuja kuliokoa duka, ndio kwanza linafungwa!

"Wewe wa kwanza! Unanunua nini?"

Macho yakaangukia boksi. "Ki... kitana."

"Vua kofia unapoongea na mimi!"

(Hapa msisome kwa sauti.) Jumapili mke wa mjomba alininyoa kwa wembe kwa ajili ya mapunye. Nikavua. Kichwa kama yai, madoa ya dawa ya zambarau juu yake.

Kikalipuka kicheko, mpaka mgambo akaegemea rungu lake. Nikalipa, nikapokea kitana changu, nikaomba ardhi ipasuke inimeze.

Bibi peke yake hakucheka. Alinikazia macho. "Mwenye kipara ananunua kitana? Huyu anajua kitu. Vitana vinaadimika! Nipe vitatu."

"Mimi vinne!"

"Bibi, acha kusukuma!"

Mgambo mwenyewe alichukua viwili, tena bila kupanga foleni. Saa sita boksi tupu, na Mama Atu haendi Mbeya.

Mimi sasa naitwa Kitana, hata na watoto wadogo. Kama lazima mcheke, chekeni huko huko Milepa. Na atakayehitaji kitana aseme: ninacho kimoja, kipya, hakijagusa unywele.